Kombeo la Mtani Wangu

Mimi nina ulimi, na sijapata kuuficha. Ndoa yangu ya kwanza ilidumu msimu mmoja wa mpunga, na mume aliponirudisha kwa baba hakuwa na kosa jingine la kunishitakia ila hilo. "Binti yenu anasema mno," akaeleza. Baba akamjibu, "Hata sisi tunajua." Basi nikarudi kijijini kwetu, upande wa Ruaruke, siku zile zile watu walipoanza kuambizana kwamba Mwingereza na Mjerumani wameshikana tena. Wajukuu zangu wanavisoma shuleni kuwa Vita Kuu ya Pili. Sisi tuliviita vita vya pili vya Mjerumani, kwa sababu vile vya kwanza vilifika mpaka huku kwetu, na wazee waliobebeshwa mizigo na pande zote mbili walikuwa bado hai, wana makovu mabegani.

Kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyevitaka. Nalisema wazi kwa sababu baadaye kila mtu alikuwa na lake. Jumbe alipotangaza barazani kwamba serikali inataka vijana wa kuingia Keya, jeshi la askari weusi wa Mwingereza, watu walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia, wakaenda zao shambani. Mzee mmoja alisema manowari ya Mjerumani ilizama kule deltani tangu yeye kijana, na faida yake hajaiona mpaka leo ila bamba la chuma alilozibia banda la kuku. Watu wakacheka. Jumbe naye akacheka, maana mzee yule alikuwa mkwewe.

Sasa nimseme mtu wangu. Alikuwa mtoto wa shangazi, dada yake baba. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako. Utamwita mwizi mbele ya wakwe zake, utamnyang'anya samaki mkononi, naye hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika ndiye anayeaibika. Njia aliyonayo ni moja tu, akujibu kwa utani mkubwa kuliko wako. Na siku akifa, wewe ndiye unayekuja matangani kumwigiza alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wacheke, ndipo matanga yaanuliwe. Hilo la mwisho nalo nilikuwa nalijua tangu utotoni, lakini nani anaposhika utani anawaza kaburi?

Alikuwa mrefu, miguu yake anainyanyua juu, anatembea kama mtu anayevuka matope hata pakiwa pakavu. Shangazi hakuwa na mwingine, na mumewe alikwisha kufa zamani. Kazi iliyompa mtani wangu jina ni kuamia ndege. Sisi wakulima wa bonde la Rufiji, mpunga ukianza kutia maziwa, tunahama kijijini tunakwenda kukaa bondeni katika dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Yeye alikuwa na kombeo la ukili alilolisuka mwenyewe, na kapu la madonge ya udongo aliyoyaanika juani mpaka yakakakamaa, kwa kuwa bondeni kwetu jiwe hulipati. Chiriku wakijaribu kutua upande wa pili wa shamba, donge limeshafika. Nilimpenda. Nalisema sasa kwa sababu wote ambao ningewaonea haya wameshatangulia mbele ya haki.

Mambo yaligeuka baada ya mavuno ya mwaka ule. Jumbe alichinja ng'ombe, akaitisha ngoma, na gari likamleta sajini mmoja mpaka Kibiti, kutoka hapo akaja kwa miguu. Kofia yake imekunjwa upande, viatu vinang'aa, mkononi ana saa. Mwenye duka, Mhindi wa Kibiti, alileta gunia zima la sukari. Sajini hakuhubiri hata kidogo. Alikula nasi, akanawa, akasema kama mtu anayezungumza habari za kwao kwamba jeshini askari anakula nyama kila siku na analala na mablanketi mawili. Mablanketi yale yaliwaingia watu kuliko hotuba zote za Jumbe. Mpaka ngoma inapata moto, wazee wale wale wa makovu walikuwa wanawauliza vijana wao, je, mtakaa tu mtoe macho? Ukiniuliza ni nini kilichowageuza, nitakwambia ni nyama, ni sukari, na ni kila mtu kuogopa kuonekana wa mwisho.

Nami nikachangia changu. Nilimwona mtani wangu kasimama na kombeo lake shingoni, anatafuna muwa, hana habari. Nikaingia katikati ya uwanja, nikainua shati la mdogo wangu kama bendera, nikaimba:

Mtani wangu askari, vita vyake vya ndege,
Chiriku wanamjua, Mjerumani hamjui.

Lahaula! Uwanja ulilipuka. Kigelegele kimoja kikaanza, kirefu, chembamba, ndipo vingine vikafuata. Sikugeuka kutazama ni cha nani. Nikaurudia wimbo mara ya pili na ya tatu, na watu wakaushika, mpaka sajini akawa anapiga makofi kwa mapigo yake. Mtani wangu alicheka mpaka akatema muwa. Kisha akaja kwa ule mwendo wake wa matope, akalivua kombeo, akanivisha mimi shingoni.

"Haya, mtani," akasema, watu wote wanasikia. "Niamie ndege wangu mpaka nirudi."

Akaenda moja kwa moja kwa sajini, akatoa dole gumba lake litiwe wino. Watu wakamwinua juu. Vijana wengine wanane walimfuata usiku ule, na mimi, mjinga wa Mungu, nilikuwa nacheka bado. Nilidhani ananijibu tu. Nilidhani asubuhi atakwenda kwa sajini amwambie ulikuwa utani, kwa sababu kwetu utani hauna kesi. Sajini hakuwa mtu wa kwetu. Asubuhi walikwenda Kibiti mguu kwa mguu, wakapakiwa garini.

Utani ukishajibiwa hivyo huna pa kutokea. Mpunga ulipotia maziwa mwaka uliofuata, nilifunga nguo zangu nikashuka bondeni kwa shangazi. Alinikuta chini ya ngazi ya dungu na kombeo shingoni. Akalitazama, akanitazama. "Panda," akasema. "Wameshaanza upande wa mtoni." Hapo nilingoja aongeze neno. Hakuongeza. Misimu yote ya vita nilikaa dunguni naye, tukila chungu kimoja, na nilikuwa nangoja mambo mawili: mtani wangu arudi alichukue kombeo lake, na shangazi aniambie kama ananilaumu. Alizungumza nami habari za chumvi, za kuni, za viboko waliolala katika mpunga wa jirani. Habari za wimbo, hata siku moja.

Mwaka ule wa kwanza vita vilikuwa arusi. Habari zilifika kwamba Mtaliani ameshindwa Uhabeshi, na barua ya mtani wangu ikasomwa na karani wa Jumbe mbele ya watu wote. Alisema hajambo, nyama ipo kweli, mablanketi ni mawili kweli. Mwishoni akasema: "Mwambieni mtani wangu nimeonana na Mtaliani, lakini Mjerumani bado hanijui." Watu walishangilia hata karani akashindwa kumaliza. Wimbo wangu ulifika Ikwiriri, ukafika Chumbi, wasichana wakawa wanawaimbia vijana wao kwa maneno hayo hayo na wengine wakaenda. Jumbe aliniita barazani akanipa kanga mpya kwa niaba ya serikali. Niliivaa kila Ijumaa. Nilivimba kichwa, siwezi kudanganya.

Kanga ile ilikuwa karibu ya mwisho kuonekana kijijini. Nguo zilianza kupungua dukani kwa Mhindi, kisha zikawa zinatoka kwa zamu, kisha zikakoma. Mafuta ya taa yakaadimika, na majembe vile vile. Mpunga wetu ukawa unachukuliwa na serikali kwa bei yake, wanasema ni chakula cha askari, na mtu akiuliza askari wangapi hao wanaokula hivyo, anaambiwa anyamaze. Vijana waliobaki wakaanza kukamatwa kupelekwa mashamba ya mkonge na kugema mpira porini. Sajini mwingine alipokuja hakukuta kijana hata mmoja. Wote walikuwa wamekimbilia mikokoni huko deltani, na mama zao ndio waliowafungia chakula. Hakukuwa na ngoma, wala sukari.

Jambo lililovunja watu moyo hasa ni sanda. Alifariki mama mmoja mtu mzima, jirani yetu, mwaka wa tatu wa vita nadhani, na mwanawe akazunguka mpaka Kibiti, mpaka Ikwiriri, hakupata bafta ya sanda hata mkono mmoja. Alirudi jioni na magunia mawili ya unga yaliyofuliwa. Mwislamu kuzikwa kwa magunia! Wanaume walikaa barazani wameinamisha vichwa. Shangazi alipanda kutoka bondeni kuja msibani, akaingia ndani kwake, akafungua kasha lake na kuitoa sanda yake mwenyewe, aliyojiwekea tangu ujana kama wanawake wa zamani walivyofanya. "Aliyekufa ndiye mwenye haki," akasema. "Mimi bado nakula." Walimzika yule mama kwa heshima. Lakini tangu siku ile watu hawakusema tena "vita vyetu." Walisema "vita vyao," na walipotaja vilikuwa vimekula nini, sanda ilitajwa kwanza.

Basi wakamtafuta wa kulaumiwa, na Jumbe hakulaumika kwa kuwa ana fimbo. Nikabaki mimi. Walianza kuniita Bibi Keya. Kisimani wanawake walinipisha kama nina ndui. Mama wa kijana mmoja katika wale wanane aliniambia usoni, "Mwanangu asiporudi utanizalia mwingine?" Nikamwambia, "Mama, na wewe uliuitikia ule wimbo." Akaapa kwa Mungu hakuwepo. Alikuwa na jino linamuuma siku ile, akasema, alilala ndani.

Nikagundua kuwa na wengine wote hawakuwepo. Mmoja alikuwa na jino, mmoja alikuwa safarini, mmoja alikwenda kumwona mgonjwa. Mzee wa bamba la chuma alisema alipinga tangu mwanzo, na hilo ni kweli kwa mwanzo wake, lakini usiku wa ngoma nilimwona kwa macho yangu anacheza na fimbo begani kama bunduki. Ukiwasikiliza, ngoma ile tulicheza mimi na yule ng'ombe aliyechinjwa. Nilikuwa na hasira, jamani, nilikuwa nikirusha donge nawalenga wao, si chiriku. Na usiku, nikilala dunguni, hasira ikishuka, ilibaki hofu peke yake. Shangazi alikuwa amelala mkono mmoja kutoka kwangu. Nilisikia anavyopumua, nikajua yuko macho, na sikuthubutu kumuuliza naye alikuwa wapi siku ile.

Barua ya pili ilitoka Bama, nchi iliyo mbali kupita Bara Hindi. Karani aliisoma mlangoni kwetu kwa sauti ya chini, watu watatu tu tukisikiliza. Alisema mvua ya huko ni kubwa kuliko ya Rufiji, na adui wa huko ni Mjapani. "Mwambieni mtani wangu Mjerumani hata leo hanijui. Ndege wangu hawajambo?" Shangazi alimwomba karani arudie hapo penye ndege. Baada ya hapo barua hazikuja tena.

Kisha vita vikageuka arusi tena, kwa siku moja. Ilikuwa msimu wa ndege kabisa, mpunga umetia maziwa, Jumbe akatuma tarishi bondeni: Mjerumani ameshindwa, amri ya Bwana DC, watu wote wapande kijijini kusherehekea. Kuacha shamba kutwa nzima wakati ule ni kuwaandalia chiriku karamu, lakini tulipanda. Pakachinjwa ng'ombe wawili. Mhindi wa Kibiti akaleta sukari, na zaidi ya sukari akaleta nguo, jora zima, akisema zinaanza kurudi. Sijui kama ni nyama au ni nguo, lakini kabla ya alasiri watu walikuwa wanasema "tumeshinda." Tumeshinda! Mama wa jino alikuwa mbele, anamweleza mke wa Jumbe alivyoimba usiku ule wa kwanza mpaka sauti ikakauka.

"Bibi Keya," Jumbe akaniita, "tupe wimbo wako."

"Sina wimbo, Bwana Jumbe," nikamwambia. "Mwenye ndege wake hajarudi."

Wakaimba wenyewe. Wote waliujua, neno kwa neno. Mimi na shangazi tulisimama nyuma, mimi na kombeo langu, yeye na mikono yake ameifunga, mpaka jua lilipopunguka tukarudi bondeni. Ndege walikuwa wamekula robo ya shamba.

Wiki mbili baadaye nilikuwa juu ya dungu, asubuhi, nikamwona tarishi wa Jumbe anakuja kwenye tuta. Alipofika pale mtu anapoweza kumwona uso, akavua kofia yake. Nilikuwa na donge katika kombeo tayari. Nililirudisha kapuni taratibu, kwa sababu shangazi alikuwa chini anapuliza moto na sikutaka ageuke mapema.

Mtani wangu alifia Bama kwa homa. Barua ya serikali ilisema alikwisha kuzikwa huko huko, na tulipohesabu miezi tukaona kwamba siku wanaimba wimbo wake kijijini, yeye alikuwa chini ya ardhi kitambo. Hapakuwa na maiti wala kaburi wala cha kuvisha sanda. Walimu wakamswalia salati ghaibu, sala ya maiti asiyekuwepo, watu wakaweka matanga, na hali ya watu ikageuka tena: vita vya wazungu, wakasema, vimemwua mtoto wa watu bure. Niliwasikia kutoka jikoni, nilikojificha nyuma ya mitungi. Siku ya kuanua matanga ilikuwa imefika na mtani wa kuyaanua ni mimi.

Shangazi akanifuata. Akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akanitazama alivyonitazama ile siku ya ngazi.

"Watu wanangoja," akasema. "Matanga hayaanuki bila mtani."

"Shangazi, nitasema nini mimi? Mimi ndiye niliyempeleka."

"Utasema ulichosema."

"Shangazi..."

"Ule wimbo," akasema. "Alicheka sana siku ile. Nataka nimwone tena anavyocheka. Uimbe wote, usiukate, na uanze kwa ule mwendo wake."

Nikatoka. Nilijifunga kikoi chake, nikalitundika kombeo shingoni, nikaingia uwanjani nikinyanyua miguu juu kama mtu anayevuka matope. Kicheko kimoja kikatoka kwa wanaume, kidogo, cha mtu aliyeshindwa kukizuia, kisha kingine. Nikatafuna muwa ambao haupo. Nikautema. Mpaka mama wa jino alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha nikainua mkono nikaimba, sauti yangu haikuwa nzuri: Mtani wangu askari, vita vyake vya ndege, chiriku wanamjua, Mjerumani hamjui.

Hapo nikashusha mkono.

Kikatoka kigelegele. Kimoja, kirefu, chembamba. Nilikijua kabla sijageuka, safari hii nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kichwa ameinua, mkono mdomoni, na hakuna aliyemsaidia. Alikipiga mpaka mwisho wake.

"Kigelegele msibani, dada?" mtu mmoja akamuuliza kwa upole.

"Ndicho nilichompigia siku ile," shangazi akasema. "Cha kwanza kilikuwa changu. Mimi nilikuwepo."

Akatupa macho kwa watu, mmoja mmoja, na kila aliyefikiwa akatazama chini. Kisha akaanza kukunja mikeka. Tukamsaidia, na matanga yakaanuliwa.

Kesho yake alfajiri tulirudi bondeni, kwa sababu mpunga ulikuwa umebakiza siku chache kuvunwa. Yeye alitangulia kupanda dungu. Nami nilipofika juu nikalivua kombeo shingoni, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu kilicho chake. Hakulipokea. Alinisukumia kapu la madonge kwa mguu.

"Alisema mpaka arudi," akasema. "Amia."